Bustani ya Mimea ya Kwetu Itasimama kwa Mikono Yetu

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Ujiji, Kigoma.)



Tumewaita leo kwa jambo ambalo baadhi yenu mtalistaajabia. Katika mikutano yetu mmezoea kusikia habari za kura, za kodi, za bei ya dagaa na mawese, na habari za barabara. Leo twataka kusema habari za miti. Wala si miti ya kuuza mbao tu, bali miti, majani na maua yaliyoota katika nchi hii kabla hajafika mgeni yeyote kwa mguu, kwa jahazi wala kwa gari moshi. Twataka hapa Ujiji pawe na bustani ya mimea hiyo. Tena twataka bustani hiyo isimame kwa kazi ya wananchi wenyewe.

Pengine mtu atauliza: Je, chama kimekosa kazi hata kikaanza kulima maua? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi yetu ilipata uhuru. Tulipata bendera, tukapata serikali yetu, tukapata na ardhi yetu. Lakini mtu aliyerudishiwa nyumba ya baba yake, akawa hajui vyumba vyake wala vilivyomo ndani, huyo bado ni mgeni katika nyumba yake. Sisi nasi ndivyo tulivyo mbele ya mimea ya nchi yetu.

Mwiteni mtoto ye yote wa shule hapa Ujiji, mwambieni ataje miti kumi. Atataja mwembe, mpapai, mpera, mchungwa, mkaratusi, mjohoro, mwarobaini na mchikichi, kisha atasimama na kufikiri. Sasa tazameni orodha yake. Mwembe na mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Mpapai na mpera imetoka Amerika. Mkaratusi umetoka Australia. Mjohoro na mchungwa imetoka Asia. Mchikichi ni Mwafrika mwenzetu, lakini asili yake ni misitu ya magharibi na kati ya bara hili. Ni miti michache tu katika kumi hiyo itakayokuwa ya vilima vyetu. Mninga, mpingo, myombo, mkusu, mbula, mkwaju na mvule, yote hiyo mtoto ameisikia kwa babu yake kama hadithi.

Tena mti wenye sifa kuliko yote katika mji wetu ni upi? Ni mwembe. Pale penye kumbukumbu ya Livingstone, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, wageni huonyeshwa miembe inayosemwa kuwa ni ya ukoo wa mwembe ule wa zamani. Basi mti wetu mashuhuri ni mgeni, nao unakumbukwa kwa ajili ya wageni wawili.

Msitufahamu vibaya. Hatukuja kuwaambia mkate miembe. Miembe ile imetupa kivuli na matunda, na misafara iliyotoka Ujiji kwenda Tabora na pwani iliipanda njiani kote. Mchikichi nao unalisha nyumba nyingi katika mkoa huu. Ujiji ni mji wa watu waliotoka pande nyingi: Waha, Wamanyema, Watongwe, Wabwari, Wabembe, watu wa pwani na Waarabu, wote wamejenga mji huu mmoja. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na heri twampokea. Lakini hawakusema mgeni njoo, mwenyeji asahauliwe. Hilo ndilo tunalolikataa.

Ndugu wananchi, bustani za mimea si jambo jipya katika nchi hii. Dola la Wadachi lilipotutawala lilianza bustani Dar es Salaam mwaka 1893. Mwaka 1902 likaanza kituo kikubwa cha Amani, katika milima ya Usambara. Yafaa tujiulize kazi yake ilikuwa nini. Kazi yake kubwa ilikuwa kujaribu mimea ya nchi nyingine ili ijulikane ni ipi itakayoleta faida katika mashamba ya walowezi. Kahawa, mpira, mikwinini na miti ya kila namna ilipandwa na kupimwa. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa ikabaki hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ambayo wazee wetu wengi wa Kigoma walisafirishwa kwenda kuyafanyia kazi.

Wakati huohuo mimea yetu nayo ilikuwa ikisafiri kwenda kwao. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kidachi huko Usambara, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ulaya mbegu za ua dogo la rangi ya zambarau linaloota penye mawe ya misitu ile. Leo ua hilo linauzwa katika vyungu madukani mwa Ulaya na Marekani, na jina la kitaalamu lililopewa zamani lilikuwa la mtawala huyo. Watu wa Usambara waliolijua ua hilo tangu zamani hawakuulizwa neno.

Hatuyasemi haya ili tulie. Twayasema ili mjue ya kuwa bustani ya mimea si kitu kisichokuwa na mwenyewe. Daima yupo aliyeianzisha, na lipo jambo analolitaka. Hapana budi kuuliza: Ni ya nani? Inamfaa nani?

Twendeni mbali kidogo, mpaka Afrika ya Kusini, tukalione jambo hilo waziwazi. Tarehe 1 Julai 1913, chini ya mlima wa Cape Town, ilianzishwa bustani ya Kirstenbosch, katika ardhi aliyoiacha Cecil Rhodes. Bustani ile ilikuwa ya namna yake, maana iliwekwa kwa ajili ya mimea ya asili ya nchi ile, si kwa mimea ya kigeni. Ni jambo zuri. Lakini mnajua ni nini kilichotangulia? Siku 12 tu kabla yake, tarehe 19 Juni 1913, ilipitishwa sheria ya ardhi iliyowakataza Waafrika kununua ardhi katika nchi yao, isipokuwa katika sehemu ndogo ipatayo asilimia 7. Jani la asili likawekewa ulinzi, na mtu wa asili akafukuzwa. Mwenye kutaka kujua ubaya wa ukoloni, na azitazame tarehe hizo mbili.

Hata hivyo katika habari ile liko na la kujifunza. Mwaka huohuo wa 1913 watu wa kule waliunda chama cha wapenzi wa mimea ili kuitegemeza bustani yao kwa michango na kwa kazi. Serikali ilitoa sehemu yake, na wanachama wakatoa yao. Chama kile kipo hata leo. Kosa lao halikuwa kuipenda mimea ya nchi. Kosa lao lilikuwa kuwafungia mlango wenye nchi. Basi sisi tuchukue lile lililo jema, yaani chama cha watu kinachobeba bustani, na mlango wetu uwe wazi kwa watu wote.

Sasa turudi karibu na kwetu. Bibi Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika Gombe mwezi wa Julai 1960 kuwachungua sokwe. Gombe ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Lakini miaka ilipopita, vilima vilivyoizunguka vikabaki vitupu. Watu waliongezeka, mashamba yakapanda mpaka vileleni, kuni na mkaa vikakatwa, na wakimbizi wa vita vya jirani wakaja nao wakahitaji kuni kama mtu mwingine ye yote. Bandu bandu huisha gogo. Mvua ikachukua udongo na kuumwaga katika Ziwa Tanganyika, penye mazalio ya samaki.

Mwaka 1994 ndipo taasisi yake ilipoanza kazi iitwayo TACARE katika vijiji vya mwambao. Tazameni namna kazi hiyo ilivyoanza. Waliokwenda vijijini walikuwa Watanzania, na hawakwenda na amri ya kupanda miti. Kwanza waliwauliza wenyeji: Shida yenu ni nini? Wenyeji wakasema: maji, matibabu, shule, chakula, na fedha kidogo za kuanzia biashara. Yakashughulikiwa hayo, na pamoja nayo vikaanzishwa vitalu vya miche, na baadaye vijiji vikatenga misitu yao wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuulinda kwa sheria ndogo zake. Katika sehemu nyingi zilizoachwa zipumzike, miti ya asili ilichipua tena yenyewe kutoka katika visiki na mizizi. Ardhi ilikuwa haijafa; ilikuwa ikingoja kupewa nafasi.

Na huko Kenya Bibi Wangari Maathai alianza mwaka 1977 kuwaita wanawake wa mashambani waoteshe miche. Wataalamu wa misitu walisema kazi hiyo yataka watu wenye shahada. Wanawake wale wakaokota mbegu, wakazipanda, zikaota. Mwaka 2004 Bibi Maathai alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Basi mtu asituambie ya kuwa mama wa Ujiji, anayelima muhogo na maharage mwaka hata mwaka, hawezi kuotesha mninga.

Liko jambo jingine, nalo ni la heshima kwa mkoa wetu. Katika milima ya Mahale, mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa pamoja na Mtongwe mmoja, mzee Mohamedi Seifu Kalunde. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku akiwa mgonjwa, akitafuna kiini kichungu cha mti ambao Watongwe huuita mjonso. Mzee Kalunde aliujua mti huo mara moja, maana Watongwe huutumia kwa dawa ya tumbo na homa. Jambo hilo liliandikwa katika jarida la kitaalamu mwaka 1989, na wataalamu wa dunia wakafungua njia mpya ya uchunguzi, na jina la mzee wetu limo humo. Elimu hiyo haikutoka kitabuni. Iliingia kitabuni kutoka kwa mwenyeji. Je, wako wangapi kama yeye hapa Ujiji na katika vijiji vinavyotuzunguka? Nao wakifa, nani ataujua mjonso? Kila mzee tunayemzika bila kumwuliza, tunazika pamoja naye kitalu kizima.

Ndugu zangu, sasa tuseme habari ya kazi yenyewe, kwa sababu hotuba haioteshi mche. Twaona yako mambo matano.

La kwanza ni ardhi. Twaomba kila tawi likae na wazee wa mtaa na walimu, watafute kiwanja kisicho na ugomvi: uwanja wa shule, au sehemu ya mwambao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Badala ya ukanda huo kuwa jalala, uweze kupata idhini na kuwa bustani. Lakini asihamishwe mtu kwa ajili ya mti. Bustani itakayoanza kwa machozi ya jirani haitamwagiliwa na mtu.

La pili ni mbegu. Kila mti una desturi yake. Mbegu ya mkusu haingoji. Ukiiweka ghalani mpaka mwaka ujao, umeweka kuni. Yataka ipandwe mbichi, mara baada ya tunda kuliwa. Basi watoto wale makusu, mbegu walete kitaluni. Tena mkusu na miyombo haioti vizuri katika udongo wo wote, kwa kuwa mizizi yake huishi kwa urafiki na uyoga wa ardhini. Kwa hiyo mchukue udongo kidogo chini ya mti mama, muuchanganye katika viriba vya miche. Ule uyoga ambao akina mama huuchuma wakati wa mvua ni jamaa ya mti. Ukiangamia mti, na mboga hiyo imekwenda.

La tatu ni majina. Kila mti utakaopandwa uwe na kibao chenye jina lake la Kiswahili, la Kiha, la Kitongwe, la Kimanyema, na lile la kitaalamu. Shule zetu zilifanye jambo hili kuwa somo. Tuliofundishwa ualimu twajua ya kuwa mtoto hukumbuka zaidi lile aliloliuliza mwenyewe kwa bibi yake kuliko lile aliloandikiwa ubaoni. Watoto waende kwa wazee na madaftari, waandike: Mti huu mwauitaje? Mliutumia kwa nini? Lakini habari za dawa ziandikwe kwa ridhaa ya mwenyewe, na daftari libaki mikononi mwa mji. Mwaka 1992 mataifa yalikubaliana huko Rio de Janeiro ya kuwa kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na viumbe vyake. Mapatano hayo hayatatusaidia kitu kama wenyewe hatujui tulicho nacho.

La nne ni maji na ulinzi. Mvua zetu hukoma mwezi wa Mei, na kiangazi kinafika mpaka Septemba. Hapo ndipo bustani nyingi hufa, maana watu hupenda siku ya kupanda kwa ngoma na picha, kisha humwachia Mungu kumwagilia. Hatutaki sherehe ya namna hiyo. Twataka zamu. Kila mtaa uwe na siku yake, na jina la mtu liandikwe mbele ya ndoo yake. Asiyekuwapo na lake halipo.

La tano ni mlango. Katika bustani hii mwananchi asikatiwe tiketi. Wageni wanaokuja kutazama kumbukumbu ya Livingstone wakitaka kuiona na walipe, na fedha hizo zinunue mabomba na majembe. Lakini mama wa Ujiji anayetaka kukaa kivulini, mganga anayetaka jani kwa kibali cha kamati, mtoto anayetaka kujua ndege gani huyu, hao ndio wenyewe. Tumesikia maneno ya kuwa kiwanja kama hicho kikipatikana kingefaa kupewa mtu mwenye fedha akiendeshe. Jibu letu ni fupi: Hapana. Mwenye fedha na aje kama mwanachama, achukue zamu ya ndoo.

Tunajua yako maneno ya kutupinga. Mtu atasema: Sisi tuna njaa ya kuni, nanyi mwatuletea miti ya kutazama. Tunamjibu kwamba njaa hiyo ni ya kweli, na kwa hiyo kitalu cha bustani kitoe pia miche ya kuni kwa kila nyumba, ili vilima vipumzike. Mwingine atasema: Miti ya kigeni hukua upesi. Ni kweli, mkaratusi hukua upesi. Lakini nyuki wa mizinga yetu hutegemea maua ya miyombo. Na maganda ya mizinga ya wazee yalitoka katika mti gani? Mwingine atasema: Hii ni kazi ya Serikali. Serikali ina sehemu yake, nasi tutaidai bila kuogopa: hati ya kiwanja, bwana misitu wa kutushauri, na ulinzi wa sheria. Lakini wazee wetu walipoanza TANU mwaka 1954 hawakungoja mtu awajengee chama. Walichanga senti zao. Uhuru uliokuja kwa kujitolea hautatunzwa kwa kungoja.

Ndugu wanachama, mnaujua mninga. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mche wake una tabia ya ajabu. Mvua zikija huchipua, kiangazi kikija hukauka juu ya ardhi, ukadhani umekufa. Mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, hata miaka mingi. Mpanzi asiye na subira huung'oa akapanda kingine. Kumbe chini ya ardhi mzizi unajenga nguvu, na siku moja shina linapanda juu wala moto wa kichaka haliogopi tena.

Kazi hii itakuwa hivyo. Katika miaka ya kwanza watu watapita wakicheka fito zenu kavu. Msiing'oe. Jumamosi ijayo asubuhi tukutane na majembe na ndoo, kila tawi na watu wake, tuanze kitalu kabla mvua hazijaja. Atakayekuja na mbegu moja ya mti wa babu yake ameleta mchango uliotimia.

Uhuru na kazi!